Simu na Historia ya Reli: Watoto Wetu Watasoma Habari za Nani?

Mimi ni mfanya kazi wa reli hapa Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong. Si mwalimu. Masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni basi, na kwa hiyo msomi akiona kosa la maneno na anisamehe. Lakini akiona kosa la jambo lenyewe, na anisahihishe katika toleo lijalo ili sote tupate kujua.

Jambo langu ni hili. Siku hizi mtandao wa intaneti umekuwa mwalimu wa historia na maarifa ya jamii kwa watoto wetu, nasi wafanya kazi hatumo katika mafundisho yake. Wengi wetu hulaumu simu. Mimi nasema simu ina kosa lake, na sisi tuna kosa letu, na letu ndilo kubwa.

Nianze na habari ya nyumbani kwangu. Binti yangu yuko gredi ya sita. Muhula uliopita alipewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya jinsi reli ilivyojengwa katika Kenya. Nilifurahi sana, nikasema leo mtoto atamwuliza baba yake habari za kazi yake. Hakuniuliza. Alisema, "Baba, niazime simu." Baada ya nusu saa alikuwa amemaliza, akanisomea. Nusu ya ukurasa ilikuwa simba wa Tsavo waliokula watu 135. Nusu ya pili ilikuwa Bwana Patterson, Mwingereza aliyewapiga risasi. Alikuwa amepata na picha ya mzungu mwenye bunduki.

Nikamwuliza, "Na reli yenyewe ilijengwa na nani?"

Akajibu, "Na Waingereza, Baba."

Nikamwuliza, "Hao Waingereza ndio waliobeba mataruma begani kutoka Mombasa?" Akacheka, kisha akanyamaza, maana hakuwa na jibu. Na kweli, angelipata wapi? Jibu halikuwa katika kile alichokisoma.

Ndugu, kwanza nilikasirika nikataka kumnyima simu. Halafu nikaona ni afadhali niingie mwenyewe nione kilichomo. Nilikaa na simu ile jioni mbili baada ya kazi, na niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike.

Niliona kwamba ile picha ya mzungu mwenye bunduki haikuwa ya Patterson. Ilikuwa ya mchezaji wa sinema iliyotolewa mwaka 1996, tena sinema hiyo ilipigwa Afrika Kusini wala si Tsavo. Niliona pia kwamba hesabu ya watu 135 ina mashaka makubwa. Simba wale wawili wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, na wataalamu waliopima mifupa na manyoya yao walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu kama 35. Basi kwa jambo moja tu binti yangu alikuwa amechukua hesabu iliyozidishwa na picha ya mchezaji wa sinema, na yote mawili ameyaandika kama historia.

Lakini mtandao huo huo ndio ulionipa dawa ya uongo wake. Kitabu alichokiandika Patterson mwenyewe mwaka 1907 kiko katika maktaba za mtandaoni kama Project Gutenberg na Internet Archive, na kukisoma ni bure. Nikakifungua. Kiingereza changu si kirefu, lakini nilifika mahali anapohesabu waliouawa na simba. Anasema ni Wahindi wasiopungua 28, na pamoja nao Waafrika wengi, ambao serikali haikuweka hesabu yao.

Hapo niliweka simu chini. Ndugu wanachama, mtu aliyekuwa mkubwa wa kazi pale daraja la Tsavo mwaka 1898 anakiri kwa kalamu yake kwamba Mwafrika aliyeliwa na simba akiwa kazini hakuandikwa popote. Hakuwa hata namba.

Tazameni sasa na hesabu za reli yote. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wahindi walioletwa kwa mkataba walikuwa karibu 32,000, na waliokufa ni 2,493. Twaijua hesabu hiyo mpaka mtu wa mwisho kwa sababu wale walikuwa na mkataba, na penye mkataba pana daftari. Lakini Waafrika waliofyeka msitu, waliochukua mizigo vichwani na kuchimba udongo, wao tutawatafuta katika daftari gani? Ndiyo maana simu ya binti yangu haikuwataja.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Watu husema mtandao unajua kila kitu. Si kweli. Sisi wa Kimuka tunanunua maji, na twajua tangi ni kitu gani. Ukifungua mfereji wa tangi hutoka yale maji yaliyotiwa humo, yakiwa safi au yakiwa machafu, na kama hakuna aliyetia, hutoka upepo. Mtandao ni tangi. Waliotia humo ni wale waliokuwa na kalamu, yaani magavana, wawindaji, wamisheni na watengenezaji wa sinema. Mfanya kazi hakutia, na mtoto wake akifungua mfereji hapati kitu.

Nitatoa mfano wa pili, nao uko mbele ya macho yetu. Ukisimama Kimuka ukatazama magharibi, waliona Bonde la Ufa, na huko chini ndiko Kedong. Katika mwezi wa Novemba 1895, kabla reli haijaanza, msafara mkubwa wa wapagazi, Waswahili na Wakikuyu, ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine. Palitokea ugomvi kati yao na Wamaasai, na wapagazi mamia waliuawa. Mfanya biashara mmoja mzungu, Andrew Dick, akaenda kuwapiga Wamaasai naye akauawa.

Mtoto akitafuta habari hiyo atakuta maneno "mauaji ya Kedong" kwa herufi kubwa. Akisoma mistari miwili ya kwanza tu, ataondoka na neno moja, kwamba Wamaasai waliwaua Wakikuyu. Lakini akiendelea kusoma atakuta kwamba uchunguzi wa serikali ya Waingereza wenyewe ulionyesha kuwa uchokozi ulianza kwa watu wa msafara, maana waliwashika wasichana wa Kimaasai. Na akifikiri zaidi atauliza, wapagazi wale walikuwa wamepakiwa mizigo na nani, kwa amri ya nani, na kwa mshahara gani? Hao nao walikuwa wafanya kazi.

Kimuka ni mji wa namna gani? Wenyeji ni Wamaasai, na sisi wengine ni watu wa kila kabila tuliofuata kazi au shamba. Watoto wetu wanakaa dawati moja. Habari ya Kedong ikifundishwa kwa mistari miwili, watoka darasani wakitazamana kwa jicho baya. Ikifundishwa yote, watoka wakijua kwamba ugomvi una sababu zake na kwamba si kabila zima linalotenda kosa. Nchi hii iliona mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 maneno ya chuki yanaweza kufanya nini. Kwa hiyo msidhani nazungumza jambo dogo la karatasi za shule.

Na tusijifiche, ndugu wa reli. Reli yetu nayo ina mambo yake katika habari za mahali hapa. Mapatano ya mwaka 1904 kati ya serikali ya Waingereza na wakuu wa Wamaasai, akiwemo Olonana, yamenakiliwa mtandaoni neno kwa neno. Yasomeni. Humo imeandikwa kwamba Wamaasai wataondoka na mifugo yao waende kukaa mbali na njia ya reli na mbali na nchi watakayopewa wazungu. Sehemu yao ikawa Laikipia, na sehemu nyingine huku kusini. Tena imeandikwa kwamba mapatano yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwa wapo duniani. Hayakudumu hata miaka 10. Mwaka 1911 yaliandikwa mengine, na wale wa Laikipia wakahamishwa tena kuja kusini. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa sababu ati mapatano yale ni ya serikali mbili, na mahakama haina nguvu juu yake.

Mimi nimefanya kazi ya reli miaka kadhaa, nikaishi kati ya watu hawa, na nilikuwa sijayasoma maneno hayo mpaka mtandao uliponionyesha. Mzee jirani yangu, Mmaasai, aliposikia nikimsomea aliniambia, "Kijana, hayo baba yangu alinisimulia. Sikujua kama yameandikwa." Basi mnaona faida yake. Simu ikitumiwa vyema, karatasi iliyofungiwa Ulaya miaka mingi yaweza kusomwa chini ya mti Kimuka, na mzee akatoa ushahidi wake juu yake.

Sasa nije kwenye historia ya vyama vya wafanya kazi. Je, haimo mtandaoni? Imo kidogo. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari na wengineo, karibu 15,000, waligoma kwa ajili ya mishahara. Chama chao kiliongozwa na Chege Kibachia, na mwaka huo huo serikali ikamkamata na kumhamishia mbali. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanya kazi mwaka 1935, alikamatwa Mei 1950 akafungiwa mpaka mwaka 1961. Habari hizi zinapatikana. Lakini simu hujibu kile ilichoulizwa. Mtoto asiyejua jina la Kibachia hawezi kulitafuta. Akiandika "historia ya reli" ataletewa simba. Lazima awepo mtu mzima wa kumtajia jina la kwanza, na mtu huyo ni mwalimu, au mzazi, au mwanachama wa chama chetu.

Najua wako ndugu watakaonipinga.

Wa kwanza watasema kwamba kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi na marupurupu, mambo ya shule tuwaachie walimu. Nawajibu hivi. Mwajiri anapokaa mezani na wajumbe wetu huja na majalada ya miaka yote. Sisi huja na maneno ya kukumbuka. Mtu asiyejua saa nane za kazi zilipatikanaje ataziuza kwa bei rahisi. Watoto tunaowafundisha leo ndio wanachama wa kesho, na wakidhani likizo na malipo ya kuumia kazini vililetwa na huruma ya mwajiri, chama hiki kitakufa bila kuuawa na mtu.

Wa pili watasema kwamba simu huharibu watoto. Ni kweli kuna uchafu mwingi. Tena siku hizi kuna programu zinazojibu swali lolote kwa lugha tamu, na mara nyingine hubuni tarehe na majina bila haya yoyote. Lakini tukiizuia simu nyumbani, mtoto ataitumia kwa jirani, bila mtu wa kumwongoza. Serikali yenyewe ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi katika shule za msingi. Mambo haya yamekwisha fika, na kuyakimbia hakutufai kitu.

Wa tatu watasema bando ni ghali. Hao wana haki. Mwenye watoto watatu na simu moja anajua taabu yake. Lakini kitabu kizima cha maandishi hula bando kidogo kuliko video ya dakika chache. Tena mwalimu akikipakua mara moja akakitia katika flashi, darasa zima litakitumia mwaka mzima bila kulipa tena. Watoto 50 hawahitaji simu 50. Inatosha mwalimu mmoja aliyejitayarisha, na ubao.

Sasa nawauliza swali, na ndilo swali kubwa la barua yangu. Sisi tunatia nini katika tangi?

Reli mpya ya SGR kutoka Nairobi kwenda Naivasha ina urefu wa kilomita 120, na inapita chini ya vilima hivi vya Ngong katika handaki la kilomita nne na nusu. Ilifunguliwa Oktoba 2019. Tafuta mtandaoni, utaona picha za wakubwa wakipanda gari siku ile, na habari za mikopo na mabilioni. Lakini vijana walioingia katika handaki lile wakatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi, majina yao yako wapi? Walilipwa kiasi gani kwa siku? Nani aliumia? Baadhi yao bado tunakutana nao sokoni. Hii si habari ya mwaka 1898, ni habari ya jana, na watu wenyewe wako hai. Miaka 50 ijayo mjukuu wangu akiuliza handaki lilichimbwa na nani, ataambiwa lilichimbwa na mashine na Wachina, kama binti yangu alivyosema Waingereza. Na safari hiyo hatutaweza kumlaumu Patterson. Kalamu tunazo, na simu zenye kupiga picha na kushika sauti ziko mifukoni mwetu.

Hali kadhalika wazee wetu wa reli. Wale walioajiriwa wakati wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977, sasa ni wazee sana. Kila mara tukichangia mazishi ya mmoja wao, tunazika na daftari lake. Nimehudhuria mazishi ambapo sanduku zima la karatasi za mzee, kadi za chama na barua za mgomo, lilitumiwa kuwashia moto wa kupikia wageni. Nami nilikula chakula kile. Sikujua.

Kwa hiyo natoa mashauri haya manne kwa matawi yote.

Kwanza, kila tawi lichague wanachama wawili wa kuwatembelea wastaafu, na kwa ruhusa yao kurekodi sauti zao kwa simu. Waulizwe mambo ya kazi yenyewe: ulianza lini, mshahara ulikuwa kiasi gani, nyumba ilikuwaje, mligoma lini na kwa nini. Jina, mahali na tarehe viandikwe siku ile ile.

Pili, karatasi za zamani za chama, kadi na picha zipigwe picha kwa simu, na nakala zitunzwe mahali patatu mbalimbali, si katika simu ya katibu peke yake. Nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na nyingine ipelekwe Makumbusho ya Reli. Wikipedia ya Kiswahili iko tangu mwaka 2003, na mtu yeyote aweza kuandika humo, lakini hutaka ushahidi uliochapishwa. Ndiyo maana hata karatasi yetu hii ya kurudufu ina kazi. Itunzwe, isifungiwe maandazi.

Tatu, matawi yazungumze na walimu wakuu wa shule zilizo karibu, ili mara moja kwa muhula mfanya kazi au mstaafu aende darasani katika somo la maarifa ya jamii. Asiende mikono mitupu, aende na flashi yenye kitabu, picha na sauti hizo. Mwalimu aonyeshe kilichomo mtandaoni, mzee aseme alichokiona, na watoto wapambanishe.

Nne, sisi wazazi tukae na watoto wetu dakika 10 wanapofanya kazi ya shule. Huhitaji kuwa msomi. Mwulize maswali matatu tu. Nani ameandika haya? Ameyajuaje? Na nani alikuwapo pale lakini hakutajwa? Swali la tatu ndilo la mfanya kazi.

Namaliza na binti yangu. Nilimwambia aandike upya, naye akanuna, maana alitaka kwenda kucheza. Lakini aliandika. Aliwaacha simba katika mistari mitatu. Akaandika Wahindi karibu 32,000 na waliokufa 2,493. Halafu akafika kwa Waafrika, akaniuliza aandike ngapi. Nikamwambia aandike ukweli, kwamba hesabu yao haikuwekwa. Akaandika hivyo, akaacha nafasi wazi mbele ya neno hilo kana kwamba namba itakuja baadaye.

Namba ile haitakuja, ndugu zangu. Waliopita wamepita bila kuandikwa. Lakini wetu sisi, wa handaki na wa stesheni na wa njia, wataandikwa ikiwa tutaanza sasa. Mimi nimekwisha anza na wazee wawili hapa Kimuka. Tawi lenu lina wangapi?

Mfanya kazi wa reli,
Kimuka